Bakuli Lililorudi Peke Yake

Tekla binti Andrea alifikisha miaka arobaini na miwili bila kujua kupika, na hakuna mtu aliyekuwa amemgundua. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa ni upungufu. Alizaliwa Newala, juu uwandani, na kifua kibovu. Moshi kidogo wa kuni ulitosha kumkaba, akabaki anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki, na mama yake, aliyekwisha kuzika watoto wawili, akampiga marufuku kusogelea jikoni. Wasichana wenzake walipofundishwa kusonga ugali, yeye alitumwa maji. Alipopelekwa bweni la misheni, masista nao wakamwonea huruma, wakamtia chumba cha cherehani. Baadaye akasomea kazi ya simu, akaajiriwa Lindi mjini katika shirika moja la umma, na hapo ndipo ujana wake wote ulipoishia, visikizio masikioni, akisema "Subiri nikuunganishe," kwa sauti ambayo mabwana wa Dar es Salaam walizoea kuisifia.

Shirika lilikuwa na kantini. Siku nyingi ilikuwa ugali na maharage, Ijumaa wali. Mpishi wa hapo, Stephano, alimchukulia Tekla kama dada yake wa tumbo moja, na jioni alimfungia chakula katika kibakuli chenye mfuniko akale nyumbani. Kwa hiyo chakula, kwa Tekla, kilikuwa kitu kinachotokea dirishani kikiwa kwenye sahani. Nyuma ya dirisha hilo kulikuwa na kelele za sufuria na mtu anayeimba, basi. Hakuwahi kuuliza zaidi.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka ya Lindi, ambayo kwa miaka yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, yakajaa ghafla. Tambi za pakiti, siagi ya kopo, biskuti za nje, sabuni za kunukia ambazo zamani mtu aliziomba kwa ndugu aliye safarini. Tekla alipita akizitazama kama mtu aliye ugenini. Na wakati huohuo, bila yeye kuelewa yanahusiana vipi, mashirika yakaanza kufa. Mkutano ukaitwa, bwana mmoja kutoka makao makuu akasema maneno mengi juu ya ufanisi, watu wakapiga makofi, na baada ya makofi wakagundua kuwa wameachishwa kazi. Kiinua mgongo kingekuja, waliambiwa. Kantini ilifungwa siku hiyohiyo.

"Tulipokuwa na mshahara hapakuwa na kitu cha kununua," Tekla alimwambia Stephano wakiwa wamesimama nje ya geti. "Sasa vitu vimejaa, mshahara hakuna. Stephano, hii maana yake nini?"

"Dada wa simu," Stephano akamjibu, "mimi nilikuwa napika tu."

Nyumba ya shirika ikabidi aitoke. Akapata chumba Mitwero, pembeni mwa mji, ambako kodi ilikuwa nafuu. Nyumba ya pili yake, ua ukitazamana na ua, ilikuwa ya Bi Adija, mjane wa makamo ya uzee, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mwenye mkono mgumu kwa mkaa: alijulikana mtaani kwa kuzima kila kaa kwa majivu na kulitunza hadi kesho.

Juma la kwanza Tekla alikula mkate na chai ya rangi. Aliona ni busara, maana mkate hauhitaji ujuzi. Lakini fedha yake ya akiba ilikuwa inayeyuka kama sukari ndani ya chai hiyohiyo, na mkate kila siku, aligundua, ni chakula cha watu wenye kazi. Akasikia watu wakisema maharage ni rahisi. Akanunua maharage, akanunua jiko la mkaa na mkaa, akaliweka jiko nje mbali na pua yake, akabandika.

Maharage hayakuiva. Alikaa nayo tangu asubuhi. Aliongeza maji, aliongeza mkaa, akaonja, yakalia kama changarawe. Alasiri mkaa wote aliokuwa amekusudia kuutumia siku nyingi ukawa majivu, na maharage yakawa yamelainika nje, ndani mawe. Akayala hivyohivyo. Usiku tumbo likamsumbua, naye akawa anajiuliza swali ambalo halikumwacha tena: rahisi ni kipi? Maharage bei yake ndogo, lakini yamekula mkaa wa thamani ya mikate. Mkate ni ghali, lakini hauli mkaa. Na yule aliyesema maharage ni rahisi, alikuwa anapikia nini? Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa maharage hulowekwa.

Ugali nao ukamshinda kwa namna yake. Alitia unga kwenye maji yakiwa baridi, akaona umekuwa uji. Akaongeza unga, ukawa madonge. Akaongeza maji, madonge yakaogelea. Kesho yake alifanya vilevile, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, ukatoka mgumu wa kukatwa kwa kisu. Unga uleule, maji yaleyale, mkono uleule. Tekla aliutazama ule ugali kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Akaamua kumtafuta Stephano. Alimkuta sokoni mjini amefungua belo la mitumba, amejivisha makoti mawili kwenye jua ili wateja wayaone.

"Stephano, nifundishe kusonga ugali."

Stephano alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hatanii. Akavua koti moja, akakaa juu ya belo. "Ni rahisi, dada. Unabandika pipa lile kubwa, unalijua? Maji yakichemka, wanaume wawili wanashika mwiko, wa tatu anamimina unga. Debe la kwanza..."

"Nipo peke yangu, Stephano. Nina sufuria ndogo."

Stephano akafumba macho kama anayepiga hesabu, vidole vikicheza juu ya goti. "Mtu mmoja," akasema mwishoni. "Dada Tekla, kweli ya Mungu, sijawahi kupikia mtu mmoja. Hata nyumbani anapika mke wangu. Sijui kinaanzia wapi."

Ndipo Tekla alipotambua kuwa hata nyuma ya lile dirisha kulikuwa na mtu asiyejua, na wazo hilo halikumfariji, lilimchanganya zaidi. Aliondoka na ushauri mmoja tu uliofaa: maji yachemke kwanza.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliangukia wakati mmoja. Kwa Tekla ilikuwa kama rehema. Jumapili kanisani watu walipomwona amekonda hakuna aliyeuliza. Walisema amefunga vizuri. Huko Mitwero nako mchana jiko la kila nyumba lilikuwa baridi, kwa hiyo jiko lake baridi halikuwa na aibu. Ila ikifika alasiri, harufu zilianza kupanda kutoka nyua zote, tui la nazi, mihogo, mbaazi, samaki wa kukaanga, na yeye alikaa mlangoni pake amejikunja, akimeza mate, asijue kama huko ni kufunga au ni njaa ya kawaida.

Siku ya tatu au ya nne ya mfungo, jua likikaribia kuzama, Bi Adija akatokea uani na bakuli la bati lenye maua mekundu, limefunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bi Adija."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, uonje futari yetu."

Ilikuwa mbaazi za nazi. Tekla alikula mpaka akalamba vidole kama mtoto, machozi yakimlenga bila sababu anayoijua. Asubuhi akaliosha bakuli likang'aa, akalifuta kwa kitambaa safi, akalipeleka.

Bi Adija alilipokea, akachungulia ndani, akasema kwa mzaha, "Mwanangu, bakuli limerudi peke yake?"

Tekla akageuka nyuma kutazama. Hapakuwa na mtu. "Nimelileta mimi," akasema.

"Ndiyo, nimeona," akasema Bi Adija, akaingia ndani.

Maneno yale yalimkaa Tekla kichwani siku nzima. Limerudi peke yake. Je, lilikuja na kitu kingine akakipoteza? Kawa? Kawa alilirudisha. Kijiko? Hapakuwa na kijiko. Jioni likaja lilelile la maua mekundu, na viazi vitamu, na siku mbili zilizofuata yakaja mengine mawili, la tambi za sukari na la mbaazi. Alikwenda tena kwa Stephano, safari hii si kwa mapishi.

"Ah, hilo tu?" Stephano akasema. "Dada, umeishi pwani miaka yote hii! Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Unatia chochote. Nawe unapika, unatia."

"Na asiyejua kupika?"

"Mwanamke?" Stephano akauliza, na mara akajuta kuuliza.

Tangu siku hiyo mabakuli yakakaa chumbani kwa Tekla, moja juu ya jingine, chini ya meza. Hakuweza kuyarudisha matupu, maana sasa alijua. Hakuweza kuyarudisha na kitu, maana kitu hakuwa nacho. Kununua biskuti dukani kungekuwa kujichinja. Akaanza kutoka alfajiri na kurudi giza limeingia ili asikutane na Bi Adija, akizunguka mjini bila shughuli, na chakula hakikuja tena. Hapo akachanganyikiwa upya: amekasirika? Au ameishiwa mabakuli? Kama ameishiwa, basi kosa ni langu. Kama amekasirika, kosa pia ni langu. Ila yale makosa mawili hayafanani, na sijui niombe radhi kwa lipi.

Ndipo akapiga moyo konde. Atapika kitu kimoja, kitu cha bei ndogo kuliko vyote na kisichoweza kuharibika, kisha alirudishe walau bakuli moja kwa heshima. Akaenda sokoni. Akapita kwenye mchele, akapita kwenye viazi, akafika kwa mama mmoja wa Kimwera aliyekuwa na mafungu ya mihogo mibichi. Fungu moja, kubwa, lilikuwa limewekwa kando peke yake, na bei yake ilikuwa chini kuliko yote. Yule mama alimwambia jambo, kwa lafudhi nzito ya bara, huku wapagazi wakipiga kelele za "Pisha!" nyuma yao. Tekla alisikia neno moja tu, "sufuria."

"Ndiyo, ya sufuria," akaitikia kwa furaha, akalipa.

Alichosema yule mama ni kwamba ile haikuwa ya sufuria. Ilikuwa mihogo michungu, ya kumenywa na kukaushwa juani iwe makopa, na baada ya hapo ndipo itwangwe kupata unga. Kila mtoto wa vijiji vya nyuma ya Lindi anaijua kabla hajajua kuvaa viatu. Tekla hakuijua. Aliimenya nusu saa nzima, akaikata vipande, akaibandika, akaifunika vizuri mvuke usipotee, maana alishasikia kuwa kufunika kunaokoa mkaa. Safari hii chakula kiliiva. Kililainika. Alikichoma kwa uma, uma ukazama, akaruka kwa furaha peke yake uani.

Akaonja. Kilikuwa kichungu.

Mtu mwingine yeyote angetema. Lakini Tekla kila alichokipika katika miezi ile kilikuwa na kasoro: kimeungua, kimechacha, kina mchanga, kina chumvi ya bahari nzima. Hakuwa na njia ya kutofautisha kosa la chakula na kosa la mkono wake. Akajisemea: nimekosea tena, sijui wapi, labda sufuria. Akatia sukari yote aliyokuwa nayo. Akala sahani yake mchana ule, kwa kujilazimisha, maana kumwaga chakula ni dhambi na njaa ilikuwa inamuuma kweli. Vile vipande vizuri zaidi, vyeupe, visivyo na nyuzi, akavipanga ndani ya bakuli lenye maua mekundu. Alasiri akalipeleka.

Bi Adija alikuwa anatwanga viungo. Aliinua uso, akaona bakuli, akaona limejaa, na uso wake ukafunguka. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie. Nitafuturia hii hii."

Tekla alirudi chumbani akihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu geti la shirika lifungwe. Wepesi ule ukaendelea, ukazidi, ukawa kizunguzungu. Kichwa kikaanza kumgonga. Akajilaza. Akafikiri ni njaa, kisha akakumbuka kuwa ameshiba, kwa hiyo akafikiri ni shibe. Mwili usiozoea kushiba huenda unashtuka. Tumbo likamkata. Akatapika kwenye beseni. Kuta zikawa zinasogea. Akasikia adhana ya magharibi ikitoka mbali sana, kama simu ya masafa yenye laini mbaya, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe kutafuta waya wa kuunganisha.

Nyumba ya pili, Bi Adija alikunja miguu mkekani, akafungua kwa kokwa ya tende na maji. Akanywa uji. Kisha akavuta lile bakuli, kwa heshima ya jirani, akachukua kipande kimoja, akauma.

Alitema kabla hajatafuna. Akasukutua mdomo mara mbili. Akakitazama kile kipande kwenye mwanga wa kandili, akakinusa, kisha akainuka mbio bila viatu.

"Tekla! Tekla mwanangu! Hodi! Fungua!"

Mlango haukuwa umefungwa. Akaingia, akamkuta sakafuni.

"Umekula ile mihogo?"

"Nisamehe, Bi Adija," Tekla akasema, ulimi mzito. "Najua haina ladha. Nilizidisha sukari."

"Nani kakuuliza sukari? Umekula, au hujala?"

"Sijui kupika. Sikutaka kukwambia. Nilitaka tu lisirudi peke yake."

"Nini kisirudi?"

"Bakuli."

"Yarabi, keshaanza kuweweseka!" Bi Adija akapiga ukelele ambao ulitoa watu kwenye futari zao mitaa miwili. "Hussen! Hussen we! Lete baiskeli!"

Hussen alikuwa mtoto wa dada yake, kijana aliyebeba magunia sokoni kwa baiskeli, mwenye nguvu na mpole. Alipofika alikuta chumba kimejaa. Mmoja anasema apewe maziwa. Mwingine anasema maziwa ni hatari, atapishwe. Wa tatu anasema ameshatapika, sasa anyweshwe maji ya sukari. Bi Adija anasema asipewe chochote, abebwe. Tekla alizisikia sauti zote, na kwa kuwa alikuwa mtu mtiifu aliyelelewa na masista, alijaribu kuzitii zote kwa pamoja: alifungua mdomo, akaufunga, akaketi, akalala.

"Mama, nishike kiunoni," Hussen akamwambia Tekla. "Usiniachie hata kidogo."

Wakamfunga kwa kanga kwenye mgongo wa Hussen, kama mtoto, akapanda baiskeli, wakaenda hivyo mpaka hospitali, Bi Adija akikimbia nyuma, futari yake haijaliwa, akimlaani muuza mihogo, akimlaani Tekla, akimwombea Tekla.

Hospitali muuguzi alimuuliza Tekla amekula nini.

"Mihogo."

"Mitamu au michungu?"

"Ilikuwa michungu," akasema, "ila nilidhani ni mapishi yangu."

Muuguzi aliacha kuandika. Alimtazama yule mwanamke mtu mzima, amevaa gauni la heshima na saa ya mkononi, akashindwa kujua acheke au afanye nini. Kisha akaita daktari.

Alipona. Haikuwa mara moja. Alilazwa, miguu ikawa dhaifu kwa muda, lakini kwa kuwa aliwahishwa, akapona. Bi Adija alikuja kumtazama akiwa na uji kwenye chupa, na kabla hajamimina alimwaga kwanza hasira zake.

"Ungeniua, unajua? Mimi na funga yangu. Na alfajiri ile mjukuu wangu alikuwa anakuja kutoka Songo Mnara, ningempa na yeye. Halafu unayaficha mabakuli yangu mawili mengine chini ya meza! Nimeyaona. Nikasema moyoni, huyu Mmakonde anaona vyombo vya Kiislamu ni najisi, hataki kuvigusa wala kuvirudisha."

"La, la, Bi Adija!" Tekla akajaribu kuketi. "Sikuwa na cha kutia ndani. Wewe ulisema limerudi peke yake."

"Nilisema?"

"Siku ya kwanza."

Bi Adija alitafuta kwenye kumbukumbu yake, hakupata kitu. Yalikuwa maneno ya mzaha tu, ya kusemwa mlangoni na kusahauliwa. "Mwanangu," akasema polepole, "kwa neno hilo ndiyo ukaenda kula sumu?"

"Sikujua kuwa ni sumu."

"Hujui kupika kabisa? Hata mchicha?"

"Hata mchicha."

Bi Adija akafungua chupa ya uji. Alikuwa amewajua wanawake wavivu, wachafu, wenye kiburi, lakini asiyejua kabisa hakuwahi kumwona, na hakujua amweke kwenye fungu lipi. Akamimina uji.

Baada ya Idi alikuja na shauri. Wale kikoa, yeye na Tekla. Leo mmoja atoe chakula, kesho mwingine, wale pamoja. Mkaa ni mmoja badala ya miwili, na sufuria ya watu wawili haili mkaa kupita ya mtu mmoja. Hapo kwenye mkaa sauti yake ilipata uhai.

"Lakini siku yangu nitapika nini?" Tekla akauliza. "Kikoa cha mtu asiyejua kupika kinakuwaje?"

"Siku yako utaleta vitu. Nitapika mimi, utatazama."

Akatazama. Hapo napo akapotea upya, kwa sababu Bi Adija alijua kupika ila hakujua kueleza. "Tia chumvi kiasi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Chake nani?"

"Cha sufuria, mwanangu! Itazame, itakwambia."

Tekla aliitazama sufuria kwa bidii yote. Haikumwambia kitu. Alijaribu kuandika, akakuta hakuna la kuandika: maji mpaka hapa, moto mdogo si mdogo sana, ngoja mpaka inukie. Inukie nini? Hata hivyo mambo fulani yaliingia, kwa njia asiyoijua. Alijifunza kuloweka mbaazi usiku kabla ya kulala. Alijifunza kuwa dagaa wa jioni, muuzaji akiwa anataka kwenda nyumbani, ni nusu ya bei ya dagaa wa asubuhi, na ni walewale. Kisamvu cha uani hakina bei kabisa, kinataka kinu na mkono tu, na kutwanga hakuna moshi. Alijifunza kuzima makaa kwa majivu. Na sokoni, alipofika kwa wauza mihogo, aliuliza mara tatu, kwa sauti kubwa, na kuonja kipande kibichi mbele yao, na wao wakamzoea, wakawa wanasema, "Huyu ndiye dada wa mihogo," kabla hajafika.

Kiinua mgongo kilichelewa mno, na kilipokuja kilikuwa kidogo kuliko maneno yaliyokitangulia. Mwenye nyumba moja ya wageni iliyofunguliwa karibu na stendi alimsikia akizungumza dukani, akaipenda ile sauti, akampa kazi ya kupokea wageni na simu. Hapo walikuwa na mpishi, na Tekla alikuwa na haki ya mlo wa mchana. Wengi wangedhani angerudi kwenye maisha yake ya zamani. Lakini jioni alirudi Mitwero kula kikoa. Alipoulizwa kwa nini, alisema Bi Adija amezoea.

Walikula hivyo miaka kadhaa, mpaka binti wa Bi Adija, Samia, alipokuja kumchukua mama yake kwenda kuishi naye Songo Mnara, kwa kuwa macho yalikuwa yanafifia. Siku ya kuondoka Bi Adija alimkabidhi Tekla kinu, mwiko, na mkaa wote uliobaki, akiuhesabu kwa macho kipande kwa kipande, na akamwambia asiache kufunika sufuria.

Tekla akaanza kujipikia. Majirani wa wakati ule wanasimulia kuwa ugali wake siku moja uliliwa kwa kijiko, siku ya pili ulikatwa kwa kisu, na hakukuwa na utaratibu wowote wa kujua leo ni siku gani. Mbaazi zake zilikuwa nzuri, hilo walikubali wote, ila hakuweza kumweleza mtu yeyote anavyozipika. Watoto wa jirani waliokuwa wakipita uani jioni walimkuta amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Alionja, akakunja uso, akaonja tena. Kisha aliipua, akapakua, akala.